Mwalimu wa Hesabu Aliyejifunza Kusubiri

Waliosoma Kang'ata katika miaka ile humkumbuka kwa vidole vyake vitatu. Kila asubuhi, paredi ikiisha, alisimama mbele ya darasa, wanafunzi wakiwa wamejipanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi dirishani, akatupa swali. Kisha alinyoosha vidole, kimoja baada ya kingine, bila kutamka neno. Kidole cha tatu kikisimama na jibu halijatoka, swali lilihamia kwa jirani. Aliyejibu aliketi. Asiyejibu aliendelea kusimama, na wa mwisho kusimama alipokea fimbo moja ya kiganja, kisha akafagia darasa. Zoezi lile liliitwa mstari, na wazazi waliokuwa wamepitia mstari huohuo waliwauliza watoto wao jioni: umeketi wa ngapi?

Simtaji jina kwa sababu hata sisi tuliofanya naye kazi hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu wa Hesabu kwa wanafunzi, kwa wazazi, kwa imamu na kwa wenye maduka. Siku nilipofika, nikiwa bado msichana, nikitoka moja kwa moja chuo cha ualimu cha Korogwe na sanduku langu la bati, nilimkuta barabarani akisukuma baiskeli. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, na bila kuuliza safari ilikuwaje akasema, "Kumi na saba mara kumi na tatu."

Nikatia mkono mkobani kutafuta kalamu.

"Mia mbili ishirini na moja," alisema. "Chuo kimekupa kalamu. Karibu, Mwalimu Mpya."

Aliniita Mwalimu Mpya kwa miaka yote tuliyofahamiana, hata walipokuja wengine wapya kuliko mimi.

Alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo. Chai aliinywa ikiwa bado ya moto kiasi cha kututisha sisi tuliomtazama. Alimalizia sentensi za watu, na mara nyingi alizimalizia vizuri kuliko wenyewe. Muuza duka aliyesitasita kutaja bei alitajiwa yeye bei hiyo, pamoja na faida atakayoipata. Mama mmoja, mwalimu mwenzetu wa Kiswahili aliyekuwa na ulimi usioogopa mtu, alimwambia siku moja mbele yetu sote kwamba akifa atawasumbua wachimba kaburi, kwa kuwa atafika kabla hawajamaliza. Mwalimu wa Hesabu alicheka hadi akafuta macho, halafu akamwambia mama yule kwamba kaburi la futi sita, kwa wachimbaji wawili wa Kang'ata, ni kazi ya saa tatu, ila kama mmoja wao ni mumewe, waweke saa tano.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa na haraka. Maduka yaliyokuwa matupu tulipokuwa watoto yalijaa bidhaa kutoka Dar es Salaam; mitumba ilitandazwa kila siku ya gulio; malori ya watu binafsi yalipita kwenda Handeni yakiacha vumbi kwenye mihogo. Walimu walifundisha twisheni jioni, kwa sababu mishahara haikutosha na kwa sababu wazazi walikuwa wameanza kuamini kwamba elimu nzuri ni ile ya kununua. Mimi nilikuja nikiwa na msimamo mkali dhidi ya twisheni. Mwalimu wa Hesabu hakuwa na msimamo. Alikuwa na wanafunzi. Wazazi kutoka Handeni mjini waliwaleta watoto wao kwa baiskeli wakae kwa ndugu hapa kijijini, ili wasimame katika mstari wake. Nilipomwambia kwamba elimu ni haki na haiwezi kuwa bidhaa, alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa, kisha akaniuliza kama nimeshasahihisha madaftari.

Alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi. Mama yake alifariki binti akiwa bado hajaanza shule, na Mwalimu hakuoa tena. Nilipofika, Mwanaidi alikuwa darasa la tano: msichana mrefu, mpole, mwenye kovu pana nyuma ya kichwa ambalo hijabu ya shule ililificha. Tangu asubuhi ya kwanza nilimwona yeye ndiye wa mwisho kusimama. Baba yake alinyoosha vidole vitatu mbele yake kama alivyowanyooshea wengine, na mkono wake haukupunguza nguvu fimbo ilipofika zamu yake. Kisha Mwanaidi alichukua ufagio.

Habari za kovu lile nilisimuliwa na mama wa Kiswahili. Akiwa darasa la pili Mwanaidi alianza kuumwa kichwa alfajiri, kutapika kabla hajala chochote, na kuyumba akitembea. Wengine walisema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine walisema ni mashetani ya upande wa mama. Mwalimu alimpakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya wilaya, huko wakamtuma mbele, na mbele wakamtuma Dar es Salaam. Ulikuwa uvimbe ndani ya kichwa. Alipasuliwa, kisha akapigwa mionzi kwa wiki nyingi. Baba yake alitia saini karatasi zote, akalala kwenye veranda ya hospitali, na watu wa Kang'ata walipokata tamaa alirudi naye akiwa hai, amenyonyoka nywele, akitabasamu.

Mwalimu alisomesha maulidi ya shukrani. Alichinja mbuzi. Akatangaza mbele ya msikiti, na siku iliyofuata mbele ya paredi, kwamba mwanawe amepona na asisikie mtu yeyote akimwita mgonjwa. Kwetu, neno la kupona likishatangazwa mbele ya watu namna ile, na mbuzi akaliwa, kumwita mtu mgonjwa tena ni kama kumtakia mabaya. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Mtoto aliporudi darasani aliingia kwenye mstari, na mwaka wa kwanza alikuwa akiketi katikati, si wa mwisho. Mwaka wa pili akawa miongoni mwa watano wa mwisho. Mwaka wa tatu akabaki peke yake.

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto anayepigwa huchelewa kwa sababu ya hofu, na niliandika insha nzuri juu ya jambo hilo. Siku moja ofisini, walimu wengine wakiwepo, nilimwambia Mwalimu wa Hesabu kwamba binti yake si mvivu, anamwogopa. Kwamba fimbo yake ndiyo inayomfunga ulimi. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Walimu walitazama meza. Yeye alitoka nje akaanza kujaza upepo gurudumu ambalo lilikuwa limejaa.

Baadaye nilifundisha darasa lile jiografia, bila mstari na bila fimbo. Nilimuuliza Mwanaidi mto unaopita Korogwe unaitwaje. Alinitazama usoni, hakuwa na hofu hata chembe, na hakujibu. Nikampita. Nilikuwa nimeshafika kwenye mvua za Usambara aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pangani." Darasa likacheka. Mimi nami, nakiri, nilitabasamu. Sikujua kwamba insha yangu yote ilikuwa imeanguka pale.

Katikati ya mwaka ule kichwa kilianza kumuuma tena. Mwalimu aliomba ruhusa, akaenda naye Dar es Salaam akiamini uvimbe umerudi. Walikaa siku kumi na mbili. Waliporudi niliwaona wakishuka kwenye lori, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mwalimu akitembea polepole, akilinganisha hatua zake na za binti.

Alinisimulia wiki moja baadaye, tukitembea kutoka shuleni, baiskeli ikiwa katikati yetu. Uvimbe haukuwa umerudi. Maumivu yalikuwa ya macho, akapewa miwani. Lakini daktari wa kike waliyemkuta safari hii alikaa na mtoto kwa muda mrefu, akamuuliza mambo, akamwonyesha picha, akapima muda wa majibu yake kwa saa ya mkononi. Kisha akamwita baba pembeni na kumweleza alichopaswa kuelezwa miaka mitatu kabla. Mionzi iliyoua uvimbe ilipita katika ubongo uliokuwa bado unajengwa. Ndani ya ubongo kuna sehemu nyeupe, ambayo ni nyuzi nyingi zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila uzi una ala inayoufunika na kuuharakisha. Kwa mtoto ala hizo hazijakamilika. Mionzi huzidhoofisha, na madhara hayaonekani mara moja, bali polepole, miaka baadaye. Mtoto haachi kuelewa, anachelewa. Kila mwaka wenzake wanaongeza mwendo, naye anajifunza kwa mwendo wake, hivyo pengo linapanuka ingawa yeye harudi nyuma. Chombo cha kuzipiga picha nyuzi hizo, daktari alisema, hakikuwapo nchini wakati ule. Yeye alijua kwa kusoma na kwa kuwaona watoto wengine.

Mwalimu alinieleza haya yote vizuri, kama mtu anayefundisha. Alisema ni kama mzigo uliopakiwa Korogwe, na Handeni wanausubiri. Mzigo upo, hakuna kilichoibwa, wapokeaji wapo. Barabara ndiyo imeharibika. Halafu alisimama.

"Ile dawa niliitia saini mimi," alisema. "Halafu nikampiga kwa sababu ya dawa ile."

Nilimwambia kwamba bila dawa ile mtoto angekufa, na kwamba asingeweza kujua. Akasema hilo la kwanza analijua. La pili akasema si kweli, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwaangalia watoto wanavyofikiri, na amemwangalia huyu mmoja kila asubuhi akiwa umbali wa hatua mbili, akahesabu hadi tatu. Tukaendelea kutembea. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno niliyomwambia ofisini, lakini alinitangulia kwa kunikumbusha kwamba kesho kuna ukaguzi wa maandalio ya somo.

Mstari ulikufa Jumatatu iliyofuata. Aliandika swali ubaoni asubuhi, akasema jibu litakuja likiwa tayari, hata kama ni kesho. Watoto hawakuelewa. Wazazi wa twisheni walielewa haraka sana, na mmoja baada ya mwingine wakawarudisha watoto wao Handeni. Shule ya kulipia iliyokuwa imefunguliwa Korogwe, ambayo ilikuwa ikimwandama kwa muda mrefu na kumwahidi nyumba yenye umeme, ilimkubali akiwa pamoja na mstari wake au bila mstari. Ila Mwanaidi angefanyiwa usaili kama watoto wengine, wa dakika kumi. Aliwakatalia kwa barua aliyosema ni ya mstari mmoja, ambayo hakumwonyesha mtu.

Nisidanganye kwamba alibadilika akawa mtu mwingine. Chai aliendelea kuinywa ya moto. Mimi aliendelea kunimalizia sentensi. Aliweza kumfokea dereva wa lori kwa Kizigua kwa kuchelewa robo saa, kisha akageuka na kumuuliza Mwanaidi kama anataka ugali au ndizi, akasubiri. Kusubiri kwake hakukuwa kwa utulivu. Alitia mkono mfukoni, na ukitazama vizuri uliona kitambaa cha suruali kikitikisika, vidole vikihesabu humo ndani, kumi, ishirini, thelathini, akijizuia kumsemea. Niliwahi kumuuliza kama si chungu kwake. Akasema uchungu ni namba kama nyingine, nayo huzoeleka. Sikumwamini, na nadhani hakutaka nimwamini.

Jambo alilolitaka katika miaka ile miwili ya mwisho ya shule ya msingi lilikuwa moja: Mwanaidi apewe muda wa ziada katika mtihani wa darasa la saba. Hakutaka asaidiwe kujibu. Alitaka muda tu. Alikuwa amempima nyumbani, karatasi za zamani, bila kumharakisha, na binti alipata maswali mengi kuliko nusu ya darasa lake. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, lakini alikuwa na hakika kwamba kwa muda wa kutosha angeipata moja. Aliniomba nimwandikie barua kwa kuwa, alisema, Kiswahili changu kina makoti na tai. Niliandika kurasa tatu. Nilieleza nyuzi nyeupe, mionzi, uchelewaji. Nilitaja haki. Nilijivunia barua ile.

Tulikwenda pamoja ofisi ya elimu. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mstaarabu; alimwamkia Mwalimu shikamoo, kwa kuwa aliwahi kusimama katika mstari wake. Alisoma barua yote. Akauliza kama kuna cheti cha hospitali. Tulikuwa nacho, lakini kilisema tu kwamba uvimbe haujarudi na hali ya mgonjwa ni nzuri, kwani yule daktari alieleza kwa mdomo, na tulipomwandikia tulijibiwa kwamba amehamishwa. Afisa akafungua jalada la mwanafunzi ambalo shule ilikuwa imelituma, akaligeuza upande wetu.

"Mwalimu wangu, hebu nisaidie hapa," alisema. "Huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa wake. Uliandikwa wiki ile ya maulidi, kwa wino wa buluu, kwenye nafasi ya maelezo ya mzazi kuhusu afya ya mtoto: Amepona kabisa. Asipewe upendeleo wowote.

Nilianza kueleza. Mwalimu alinigusa mkono.

"Ni mwandiko wangu," alisema.

Afisa alituambia kwa huzuni, na nadhani ilikuwa ya kweli, kwamba wasioona na viziwi wana utaratibu wao, lakini kwa mtoto ambaye hospitali inasema ni mzima na baba yake anasema ni mzima, yeye hana mahali pa kuweka muhuri. Njia nzima ya kurudi Mwalimu hakutaja jambo lile. Alizungumza juu ya bei ya mahindi.

Siku ya mtihani walimu wa shule yetu hawakuruhusiwa kukaribia madarasa. Mwalimu wa Hesabu aliketi nami kwenye duka la fundi baiskeli ng'ambo ya barabara, akafungua mnyororo wa baiskeli yake, akausafisha kipande kwa kipande. Kengele ilipogongwa hakuinua kichwa. Mwanaidi alitoka wa mwisho, akavuka barabara, akasimama mbele yake. Tulisubiri.

"Nilikuwa nimefika katikati, Baba," alisema hatimaye.

"Na hapo katikati ulikuwa unaendaje?"

Ikapita muda. "Vizuri."

"Basi," alisema, akaendelea kusafisha mnyororo, na mafuta meusi yakamtapakaa hadi kwenye viwiko.

Hakuchaguliwa. Mwaka uliofuata mimi nilihamishiwa Korogwe, nikaolewa, nikaendelea na masomo. Nilizungumza juu ya watoto kama Mwanaidi katika semina na mikutano, kila nilipopewa nafasi. Nilisema shule zetu zinapima mwendo na kuuita akili. Nilipigiwa makofi. Kang'ata sikurudi kwa miaka sita.

Nilirudi nikiwa na shughuli nyingine Handeni, na basi lilitakiwa kusimama Kang'ata saa nzima likisubiri abiria wa gulio. Nilimkuta Mwalimu wa Hesabu nyumbani. Alikuwa amestaafu, amekonda, na alipumua kwa tabu kiasi kwamba sasa sentensi zake mwenyewe zilikatika katikati. Mwanaidi alikuwa mwanamke. Alisuka mikeka, akapika, akatunza nyumba ile vizuri sana. Aliniamkia, akaenda kuchemsha chai.

Mwalimu hakunizungusha. Alisema moyo wake umechoka, wamemwambia hospitali. Dada yake yuko Mazingara, mtu mwema, lakini ana wajukuu wanane na nyumba ya kelele, na pale mtu asiyejibu upesi hujibiwa na wengine. Alipumzika, akavuta pumzi.

"Nikiondoka, Mwalimu Mpya, nani atamsubiri?"

Nilimwambia, mimi. Nilisema bila kufikiri na nilimaanisha kila herufi. Nilieleza kwamba nyumba yetu Korogwe ina chumba, kwamba mume wangu ni mtu mtulivu, kwamba nimeyasoma mambo haya kwa miaka na ninajua anachohitaji. Aliniacha nimalize. Kisha akasema nisimwambie yeye, nimuulize mwenyewe, kwa kuwa si mzigo wa kupakiwa.

Mwanaidi alipoingia na sinia nilimuuliza, taratibu, kwa maneno mepesi, kama angependa kuja kukaa nasi Korogwe. Aliliweka sinia chini. Akanitazama usoni, kama siku ile ya jiografia. Nilimtazama nami. Chai ilitoa mvuke. Mwalimu hakusogea. Barabarani basi likapiga honi, mara moja, halafu mara ya pili kwa kuvuta, na nikakumbuka kwamba ni la mwisho siku ile, na kwamba kesho yake saa mbili nilitakiwa kusimama mbele ya watu katika semina. Nilisimama. Nilimshika Mwanaidi bega, nikamwambia asijali, afikirie tu, nitaandika barua naye atanijibu kwa nafasi yake. Nilimbusu mkono Mwalimu. Nilikimbia.

Nilipopata kiti dirishani niliwaona wote wawili wametoka hadi ukingoni mwa barabara. Kondakta aligonga ubavu wa basi. Mwanaidi alifungua mdomo na kusema kitu. Kilikuwa kirefu kuliko neno moja. Vumbi likapanda.

Niliandika wiki ileile. Jibu lilikuja baada ya mwezi, kwa mwandiko wa Mwalimu wa Hesabu, ambao ulikuwa umeanza kutetemeka. Alinishukuru kwa kuwatembelea. Alisema mvua zimechelewa, na mihogo inavumilia. Mwisho aliandika:

"Kuhusu lile ulilomuuliza Mwanaidi, alikujibu siku ileile. Sitaliandika jibu lake hapa, kwa kuwa hakuniambia mimi. Alikuambia wewe."